Vinu vya Upepo, Tumbusi, na Kosa Letu

Mara nyingi sisi walimu tukiandika katika gazeti hili huandika mambo ya kuwafundisha wengine. Mwezi huu twaomba nafasi tueleze jambo ambalo sisi wenyewe tulifundishwa, tena mbele ya wanafunzi wetu, na kwa aibu. Jambo lenyewe lahusu vinu vya upepo vitengenezavyo umeme, na ndege wafao karibu navyo. Hatutataja kijiji chetu wala wenye vinu vya jirani, kwa kuwa tulikwisha kuwasingizia mara moja, na mara hiyo yatosha.

Sisi twakaa katika nchi ya Kajiado, kusini mwa Nairobi. Ni nchi ya nyasi, miiba na mawe, na upepo wake ni wa siku zote. Zamani upepo huo haukuwa na kazi ila kupeperusha vumbi na kuezua mabati ya shule. Siku hizi umepewa kazi. Juu ya vilima vya Ngong vinu viwili vya kwanza vilisimamishwa mwaka 1993, na vingine vikaongezwa baadaye. Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, viko vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310, navyo vilianza kupeleka umeme katika waya za taifa mwaka 2018. Na hapa Kajiado, mahali paitwapo Kipeto, viko vinu 60 vilivyoanza kazi mwaka 2021.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaviona, kinu cha namna hii si kile cha kusagia nafaka. Ni mnara mrefu kama minazi mitatu au minne iliyopandana, na juu yake mna mapanga matatu meupe yazungukayo. Upepo huyasukuma mapanga, nayo huizungusha mashine itoayo umeme. Ukiyatazama kwa mbali waweza kudhani yaenda polepole, kama mtu apungaye mkono. Lakini kwa kuwa duara lake ni kubwa mno, ncha ya panga yaweza kupita mwendo wa kilometa 200 kwa saa.

Na katika anga la nchi yetu wako wenyeji wa zamani kuliko vinu, nao ni tumbusi, ambao wengine huwaita tai wa mizoga. Katika magenge ya Kwenia, humu humu Kajiado, hutaga tumbusi wa aina iitwayo Rüppell. Wako pia wale wenye migongo myeupe, ambao hutaga juu ya miti. Watu wengi huwadharau ndege hawa kwa sababu ya upara wao na chakula chao. Lakini mfugaji ajua kwamba ng'ombe akifa porini asubuhi, jioni tumbusi wamekwisha kumsafisha, wala hakuna uvundo wala inzi. Mwaka 2015 wataalamu wa ulimwengu waliwaandika tumbusi wa aina hizo mbili katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Sasa tuingie katika habari yetu.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, na vinu vya jirani vilikuwa vimekwisha kufanya kazi miezi michache. Usiku wa Jumatatu fisi akaingia zizini mwetu, akaua mbuzi jike mwenye mimba, akamjeruhi na mwingine. Mbuzi yule tulikuwa tumemweka kwa ajili ya karo ya mtoto wetu wa kwanza. Mwalimu mwenye mshahara mdogo akipotewa na mbuzi, hasira yake haiwi ndogo. Jioni ya siku ya pili tukatwaa dawa ya wadudu, ile ya chembe chembe ambayo jirani yetu huitia shambani mwake, tukaipaka katika mzoga, tukauburuta mpaka korongoni. Mama watoto akauliza, "Baba, na mbwa wa watu je?" Tukamjibu kwamba mbwa wa watu wafungwe kwao.

Siku ya tatu, baada ya masomo, tukaenda kutazama. Nyama imekwisha, mifupa imetawanyika, wala fisi haonekani. Tukadhani amekwenda kufia mbali. Tukarudi nyumbani tumeridhika, na jambo lile tukalisahau.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, wavulana wawili wa darasa la sita wakaja mbio. "Mwalimu, tumeona tumbusi wamekufa chini ya vinu!" Tukafuatana nao. Tukakuta tumbusi sita wamelala majanini, chini ya mteremko wa kilima chenye vinu, mabawa yao yamekunjuka. Hatukuwagusa, wala hatukuwatazama sana. Juu yetu mapanga yalikuwa yakizunguka na kutoa sauti kama ya mtu apepetaye mahindi. Tukasema moyoni, ushahidi gani tena tutake?

Siku ile ile tukasimama mbele ya shule nzima, tukawaambia watoto kwamba vinu vimeua ndege wetu. Jioni tukaandika barua kali ya kutaka vinu vizimwe, tukaizungusha nyumba kwa nyumba, na watu 43 wakatia sahihi au alama ya kidole. Wengi wao hawakuwaona wale ndege kwa macho. Walitia sahihi kwa sababu barua imeandikwa na mwalimu. Neno la mwalimu kijijini ni zito, na likipotoka lapotosha wengi.

Jumamosi kukawa baraza chini ya mgunga. Akaja afisa wa wanyama wa porini, na pamoja naye mzee mmoja wa kijiji ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja. Watoto wakamwinamishia vichwa, naye akawagusa mmoja mmoja kama ilivyo desturi. Barua ikasomwa. Ilipokwisha mzee akatugeukia, akasema, "Mwanangu mwalimu, ndege akipigwa na panga la mwendo ule huvunjika. Umemwona aliyevunjika?"

Tukajibu kwamba hatukuchunguza.

"Na makucha yao yalikuwaje, yamekunjuka au yamekunjwa?"

Tukajibu kwamba hatukutazama.

"Basi, mwanangu, ulitazama nini?"

Hatukuwa na jibu. Watu wote wakaondoka kwenda mahali pale, na watoto wakafuata nyuma. Afisa akavaa mipira ya mikono, akawageuza ndege mmoja mmoja. Hapakuwa na bawa lililovunjika, wala jeraha, wala damu. Makucha yote yalikuwa yamekazwa kama ngumi. Afisa akapasua mfuko wa chakula ulio kooni mwa mmoja wao. Ndani yake mlikuwa na nyama, na katika nyama chembe ndogo za rangi ya zambarau, na kipande cha sikio la mbuzi chenye mikato miwili.

Akakiinua akauliza, "Alama hii ni ya nani?"

Wazee wakanyamaza, kwa kuwa walikuwa wakitustahi. Ndipo mmoja wa wale wavulana wawili, kwa sauti ile ile ya kujibu swali darasani, akasema, "Ni ya mbuzi wa Mwalimu."

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi tuliingia mchana, watu wote wakituangalia. Tukaeleza kila kitu pale pale: fisi, hasira, dawa, na neno la mama watoto tulilolipuuza. Tumbusi walikula mzoga korongoni, wakaruka, na sumu ikawaangusha njiani, chini ya kilima cha vinu. Afisa akaandika maneno yetu, akatuonya vikali kwamba kutega sumu ni kosa la sheria. Mizoga ikateketezwa kwa moto, ili asije mwingine akala na kufa. Na ile barua tukairudisha kwa mikono yetu wenyewe katika milango ile ile 43, tukiomba radhi kila mlango. Kazi hiyo ilituchukua siku nne. Kuizungusha kulikuwa kumetuchukua jioni moja.

Jumatatu tukasimama tena mbele ya shule, tukaungama. Tulitazamia watoto watacheka. Hawakucheka, na kunyamaza kwao kukatuchoma zaidi. Kisha msichana mmoja wa darasa la saba akainua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo vinu haviui ndege?"

Ilikuwa rahisi kujibu, "La, haviui." Lakini tulikuwa tumekwisha kusema mara moja jambo tusilolichunguza. Tukamwomba atungoje. Tukasoma, tukauliza wenye kujua, na baada ya majuma kadhaa tukamjibu. Haya ndiyo tuliyomjibu, nanyi wasomaji twawapa kama tulivyompa yeye.

Kwanza, vinu huua ndege, nalo ni jambo la kweli. Katika jimbo la California, Marekani, mahali paitwapo Altamont, tangu miaka ya 1980 vilisimamishwa vinu vidogo kwa maelfu, katika vilima ambavyo tai wa dhahabu huwinda. Kwa miaka mingi tai waliuawa kwa makumi kila mwaka, hata ikabidi vinu vile vya zamani viondolewe kidogo kidogo na kuwekwa vikubwa vilivyo vichache. Huko Norway, katika kisiwa cha Smøla, tai wa baharini wenye mikia myeupe walipatwa na msiba kama huo.

Mtu aweza kustaajabu kwamba ndege mwenye macho makali hivyo akose kuona kitu kikubwa kama kinu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, tumbusi na tai hawapigi mabawa kutwa kucha. Huchukuliwa na upepo upandao kandokando ya vilima. Mwenye kinu autafuta upepo ule ule, katika kilima kile kile. Ya pili ni namna macho ya tumbusi yalivyowekwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba tumbusi akiinamisha kichwa kutafuta mzoga chini, sehemu ya mbele yake huwa gizani kwake. Hapo zamani hakukuwa na hasara, kwa kuwa angani hamkuwa na kitu cha kujigonga. Sasa kimo. Tena hata juu kabisa hakuna usalama: mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na eropleni juu ya Abidjan, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Na tumbusi si kama kuku, ambaye akifa leo kesho vifaranga kumi vimejaza nafasi yake. Jike hutaga yai moja tu, na mtoto hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kwa hiyo vifo vichache kila mwaka, vikiendelea, vyaweza kumaliza ukoo mzima.

Wako pia popo, ambao watu hawawakumbuki. Hufa usiku, miili yao ni midogo, hakuna awaonaye. Nchi za Ulaya na Amerika zimeona popo wengi sana wakifa chini ya vinu. Nao ni wasaidizi wa mkulima, maana aina nyingi hula wadudu.

Pili, yako mambo yawezayo kufanywa. La kwanza ni kuchagua mahali. Kinu kisipojengwa karibu na magenge ya matago, wala katika njia ya ndege wahamao, ugomvi umepungua kabla ya kuanza. La pili ni walinzi. Huko Kipeto wamewekwa watu wenye darubini ambao kazi yao ni kutazama angani, na tumbusi wakikaribia, kinu husimamishwa mpaka wapite. Hispania nayo imeitumia njia hiyo, katika sehemu ya Tarifa, nayo imepunguza sana vifo vya tumbusi. La tatu ni rangi. Kule Smøla panga moja katika matatu lilipakwa rangi nyeusi katika vinu vinne, ili ndege waone mzunguko wake. Habari iliyotolewa mwaka 2020 ilisema kwamba vifo vya ndege vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70, ukilinganisha na vinu jirani visivyopakwa. Vinu vinne ni vichache, hatuwezi kuapa kwamba itakuwa hivyo kila mahali, lakini ni mwanzo mwema. Na kwa popo, imeonekana kwamba vinu vikisimamishwa usiku upepo unapokuwa mdogo, vifo hupungua hata nusu na zaidi, na umeme upoteao ni kidogo tu.

Tatu, na hapa ndipo tulipoona haya mbele ya darasa, vinu si adui mkubwa wa tumbusi wa Afrika. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya habari za vifo vya tumbusi zaidi ya 7,000 kutoka nchi 26 za bara letu. Katika kila vifo 100 vilivyojulikana sababu, 61 vilitokana na sumu, 29 vilitokana na watu watumiao viungo vya tumbusi kwa uganga, na 9 vilitokana na waya na nguzo za umeme. Mwaka 2019 huko Botswana tumbusi 537 walikutwa wamekufa mahali pamoja, kwa sababu ya sumu iliyotiwa katika mizoga ya tembo watatu. Sumu yetu sisi iliua sita. Lakini aliyeua 537 na aliyeua sita wamefuata njia moja.

Nchi ya Uhindi yatuonya pia. Huko ng'ombe walikuwa wakipewa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, na tumbusi waliokula mizoga yao wakafa kwa ugonjwa wa figo. Katika miaka michache zaidi ya 95 kwa kila 100 wa aina fulani wakatoweka. Mizoga ikabaki, mbwa wasio na wenyewe wakazidi, na kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao mfugaji hahitaji kuelezwa. Dawa hiyo ilikatazwa kwa mifugo mwaka 2006, lakini tumbusi hawajarudia wingi wao wa zamani.

Msichana yule akasikiliza yote, kisha akauliza tena, "Kama sumu yaua wengi kuliko vinu, vinu visamehewe?" Tukamwambia hapana. Hesabu ile ilikusanywa katika siku ambazo vinu barani kwetu vilikuwa vichache mno, nasi sasa twaongeza vingine kila mwaka. Tena mgonjwa aliyekwisha kudhoofishwa na homa huangushwa na kikohozi kidogo. Sumu imewapunguza tumbusi. Kwa sababu hiyo hasa vinu havina ruhusa ya kuwaua hata wachache.

Lakini pia hatukumwambia kwamba vinu ving'olewe. Kinu hakichomi makaa wala mafuta, hakitoi moshi. Na moshi wa ulimwengu unaongeza joto na kuvuruga majira ya mvua, jambo ambalo ndege na wanyama hawaponi nalo kama sisi tusivyopona. Taa tunayosahihishia daftari yatumia umeme. Tukiwadai wenye vinu wajenge mahali pafaapo, waweke walinzi, na watuambie kwa ukweli ndege wangapi wamekufa, twadai haki. Lakini adaiye haki na awe amefagia kwake kwanza.

Nasi tulifagia hivi. Tuliuza mbuzi wawili tukanunua wavu wa chuma, tukauzungushia zizi, na langoni tukatundika taa. Fisi hajaingia tena zizini. Lakini mwezi wa nne mwaka huu mbuzi mmoja alichelewa malishoni, na asubuhi tukamkuta korongoni, nusu ameliwa. Hatutasema uongo: hasira ilirudi, nayo dawa jirani angali anayo. Tukakaa juu ya jiwe kitambo. Kisha tukauacha mzoga kama ulivyo, tukaenda shuleni.

Adhuhuri watoto wa darasa la saba wakatuita nje. Tumbusi walikuwa wakija kutoka upande wa magenge, mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa juu sana. Watoto wakahesabu kumi na mmoja. Walipokuwa wakikaribia kilima, kinu cha mwisho kikapunguza mwendo, kikasimama. Na cha pili yake kikasimama. Ndege wakapita, wakashuka korongoni. Baada ya kitambo mapanga yakaanza kuzunguka tena.

Jioni tulikwenda kutazama. Ilibaki mifupa tu, safi. Tulikaa pale mpaka jua likakaribia kuchwa, tukiwangoja watoto wamalize kupekua majani kandokando ya korongo na chini ya kilima. Hawakupata ndege hata mmoja aliyeanguka.

Wasomaji wapenzi, yeyote miongoni mwenu aliye na mzoga zizini na dawa mkononi, na aikumbuke habari hii ya mwalimu mwenzenu.